Shimo la Mahameni

Jumatatu, 15 Mei 1995

Nimerudi kazini. Miguu bado ya malaria — ngazi za ofisi zimenitoa jasho kama nimebeba gunia. Wiki nzima kitandani, na hakuna aliyekuja kuniangalia ila mama mwenye nyumba. Naye nadhani alikuja kuchungulia kama nimekufa.

Mezani nimekuta mifuko ya udongo. Imefungwa vizuri, kila mmoja na kikaratasi chake, mwandiko wa bosi. Kijiji: Itendamo. Nimesoma mara mbili. Itendamo ni kwetu! Mwezi mzima namwambia bosi, Bwana Obed, kwamba kule nitakwenda mwenyewe, nawajua watu, najua maji yanasimama wapi na upepo unakausha wapi. Akasubiri niugue, akaenda. Au pengine hakusubiri. Gari lilipata mafuta wiki ile, basi. Gari letu likipata mafuta halimngoji mtu.

Kazi yetu ni ramani ya udongo. Mama huwa namweleza hivi: tunachimba shimo refu kama mtu, tunausoma ukuta wake tabaka kwa tabaka, tunapima maabara, halafu tunalinganisha na mvua ya miaka mingi na jinsi nchi ilivyoinama. Mwishoni tunasema udongo huu ni wa aina gani, unafaa nini. Mama husikiliza mpaka mwisho. Kisha huuliza lini nitapata kazi ya kukaa kwenye kiti.

Nimefungua mfuko wa juu. Mweusi! Nimeutemea mate kidogo, nimeusugua kiganjani. Laini, unashikana, unanuka kama bustani ya mapadri. Hapana. Mimi nimezaliwa kule. Udongo wa kule ni mwekundu wa kupauka, jembe linalia. Huu umetoka wapi?

Bosi aliingia na furaha zake. Pole na ugonjwa, halafu moja kwa moja: Itendamo mmekaa juu ya dhahabu mnalia njaa. Nimemwambia hatulii njaa. Hakusikia.

Jumatano, 17 Mei

Umeme ulikuwepo mpaka mchana, kwa hiyo kifaa cha pH, cha kupimia uchachu, kimefanya kazi. Udongo wa juu wa Itendamo: 6.5. Nimesafisha, nimerudia. 6.5.

Haiwezekani. Nimepima mashimo ya uwanda huu mpaka naota mashimo. Udongo wake ni mchachu, pH nne na kitu, tano ukibahatika. Mvua imeuosha tangu enzi za Adamu, chokaa yote imeshuka ziwani kule wanakoanika dagaa. Nimemuuliza bosi kama hakuchimba penye kichuguu, maana mchwa huubadilisha udongo. Amenuna. Anasema yeye si mtoto, vichuguu anavijua. Nakubali anavijua. Ni msomi mzuri, sina neno. Ila kwao ni Bukoba na hapa ana mwaka mmoja.

Wakati wa kuchekecha kimebaki kigae kwenye chekeche. Kidogo kama kucha ya dole gumba, kimeungua upande mmoja. Na punje za mkaa. Nimekitia mfukoni, sijui kwa nini.

Sampuli nyingine zimeondoka na basi la Mbeya zikapimwe fosforasi. Dawa zake sisi hatuna tangu mwaka jana. Wafadhili wanapunguza. Kila kitu kinapunguzwa siku hizi, ila mikutano.

Jumapili, 21 Mei

Kasimiri, mdogo wangu, ameshuka mjini na mahindi. Zamani ilikuwa chama cha ushirika, sasa kila mwenye lori ni mnunuzi, anakupangia bei huku amekalia magunia yako. Na mahindi yenyewe ya kusikitisha. Tangu ruzuku ya mbolea ifutwe, anasema, magunzi yamekuwa kama vidole vya mtoto. Bila mbolea ardhi ile haitoi. Kuna walioanza tena matuta ya duara ya wazee, yale ya kufukia majani, lakini vijana hawayawezi, wanasema yanavunja kiuno.

Amekula ugali wangu wote. Halafu akanisimulia ziara ya Bwana Obed kama vile anasimulia harusi.

Mwenyekiti wa kijiji ni baba mdogo Felisiani. Aliitisha watu na kuwatangazia kwamba wataalamu wanakuja kupima udongo, na kijiji chenye udongo mzuri ndicho kitakachopewa mradi wa mbolea. Nani alimwambia? Hakuna. Alijua tu. Basi siku ya siku wakamchukua mgeni wakampeleka panapostawi maboga na tumbaku kuliko kote. Bosi akauliza, hapa ndivyo ulivyo udongo wenu? Wakasema ndivyo. Akauliza, na kule? Wakasema kule vile vile. Vijana wakachimba kwa zamu, wakiimba.

— Mgeni huwezi kumwonyesha makorongo, dada.

— Wapi hapo mlipompeleka?

Akanishangaa. — Nyumbani. Kule mahameni. Palipokuwa zizi la baba.

Nimekileta kile kigae, nimekiweka mezani.

Mwaka sabini na nne nilikuwa bweni, kidato cha pili. Januari niliondoka nimeacha nyumba yetu juu ya mwinuko, na zizi, na nyumba za baba wadogo zimezunguka. Desemba lori likanishusha barabarani, nikaonyeshwa kibanda kipya kwenye mstari, nikaambiwa ndiyo nyumbani. Operesheni Vijiji ilikuwa imepita. Mwinuko ukabaki mahame. Baba alibaki kule peke yake, alishazikwa miaka mitatu nyuma.

Majivu ya vizazi vingapi yamemwagwa pale, samadi, maganda ya maharage, mifupa. Yote mahali padogo kama uwanja wa kanisa. Na bosi amechimba shimo lake moja humo humo, ameandika kwamba hivyo ndivyo ulivyo uwanda mzima wa Itendamo.

Nilicheka. Kasimiri naye akacheka, bila kujua tunacheka nini. Kigae kiko hapa mezani. Huenda ni cha chungu cha mama.

Alhamisi, 8 Juni

Majibu ya Mbeya yamefika. Fosforasi ni nyingi kupita kiasi. Mboji nyingi. Hakuna kitu kama hicho kwenye faili zetu zote za mkoa huu. Mtu wa maabara ameuliza pembeni kwa penseli kama sampuli zimechanganywa na samadi. Bosi amefuta kwa raba.

Kisha akachukua rangi ya kijani. Rangi ya daraja la kwanza. Nikamwona anapaka kuanzia mahame mpaka makorongo, hadi mpaka wa kijiji, anapaka kwa utulivu kama mtoto wa chekechea. Juu ya kijani chote kile ramani ya zamani inasema: pori wazi. Hakuna watu.

Nikauliza ramani hii anachorewa nani. Ndipo akanieleza, na sauti akaishusha ingawa tulikuwa wawili tu. Kuna kampuni ya ngano. Inatafuta eneo kubwa la daraja la kwanza, lisilo na watu. Wilaya imefurahi. Sera ndiyo hiyo siku hizi, mwenye mtaji akaribishwe. Wakikuta ni daraja la chini wataenda kutafuta kwingine. Wakikuta ni la kwanza, wanaweka mawe ya mipaka kabla ya mvua.

Mashamba ya kijiji kizima yako humo. Wanalima kidogo, wanapumzisha sana, ndiyo maana anayepita na gari anaona majani tu. Shamba la Kasimiri limo. Kaburi la baba limo.

Wameionyesha dunia zizi la baba ili wapewe mbolea. Sasa wananyang'anywa nchi.

Ijumaa, 9 Juni

Nimemwambia. Nilijipanga usiku, asubuhi nikasema yote kwa mpigo. Kwamba shimo liko mahameni. Kwamba fosforasi ile ni ya ng'ombe na majivu, si ya udongo. Kwamba mvua ya pale na mwinuko ule haviwezi kuzaa pH ya 6.5, angalia takwimu za mvua za parokiani, angalia mteremko, kila kitu kinapingana na shimo hilo. Na kwamba kama watu waliishi pale, basi pori wazi ni uongo.

Alinisikiliza vizuri. Akauliza swali moja.

— Umejuaje kuwa ni mahame?

— Nimezaliwa pale.

Akavua miwani. Akasema, dada Bertilla, usiseme neno hilo tena ndani ya ofisi hii. Ukisema, watasema una shamba lako pale, na kila ulichopima mkoa huu kitatupwa. Mimi pia nitatupwa.

Si mtu mbaya. Ndicho kinachoniuma. Mkataba wa mradi unaisha Desemba, na ramani hii ikiwafurahisha wakubwa tutaongezewa. Ana watoto shule. Nimemwomba shimo la pili, moja tu, nje ya mahame. Hakuna mafuta, hakuna posho, hakuna muda. Yaani ninachokijua ndicho kinachonifunga mdomo.

Sijala.

Jumamosi, 17 Juni

Nimekuja Itendamo kwa lori la Kasimiri — la mwenye lori, yeye alipanda juu, na mimi nikapanda juu, na keekee ya kutobolea udongo nimeipakata. Upepo wa Juni wa huku unapita ndani ya mifupa. Mama alinipokea kwa uji wa ulezi na lawama: nimekonda, sijaja tangu Pasaka, nywele zangu zimekuwaje.

Ndani, chini ya uchaga, kuna boga. Sijawahi kuona boga kama lile. Kasimiri alitaka likatwe nilipofika, mama akakataa. Lile limetoka mahameni, ni la mgeni wa maana. Nikauliza mimi si wa maana? Akasema mimi ni mtoto.

Tulipanda mahameni mchana. Sikuwa nimefika tangu mazishi ya shangazi. Mkuyu upo. Kutoka pale unaona nchi yote imelala, majani yamegeuka rangi ya simba, hakuna mti hadi mbali kabisa. Mteremko mrefu, taratibu, maji yanashuka bila haraka na kila mwaka yanaondoka na kitu. Mtu yeyote aliyesomea hii kazi angesimama hapo na kusema: udongo mzee, uliochoka. Bosi alisimama hapo. Lakini alikuwa anatazama chini, kwenye maboga.

Shimo lake halijafukiwa vizuri. Nimeingia. Ukuta mweusi kutoka juu mpaka usawa wa magoti, vigae, mkaa, jino la ng'ombe. Chini yake ghafla, kama mstari umepigwa kwa rula, wekundu wa kweli. Nimeweka kiganja pale kwenye mstari. Hapo ndipo mtu wa kwanza alipowasha moto, sijui babu wa babu yupi. Nimelia kidogo. Kasimiri alijifanya anatafuta jembe.

Kaburi la baba lina mawe yake bado. Msalaba umeliwa na mchwa.

Halafu tukashuka mteremko, mbali na nyumba za zamani, nikachagua mahali na tukachimba. Kasimiri alichimba, mimi nilisoma. Sentimita chache za kahawia. Chini yake mwekundu uliopauka, mgumu. Kabla ya kiuno jembe limegonga changarawe — moram, ya kumwaga barabarani. Nikapiga keekee mahali pengine, na pengine, hadi karibu na makorongo. Kote hivyo hivyo. Udongo duni. Ni duni, ni duni! Sijawahi kufurahi hivi kuona udongo mbaya, na mdogo wangu amesimama ndani ya shimo hilo ananitazama, ana watoto sita wanaokula humo.

— Ndiyo hali? aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo hali, na ndiyo itakayotuokoa.

Alipanguza jembe kwa majani muda mrefu.

Jumapili, 18 Juni

Baada ya misa nimekwenda kwa baba mdogo Felisiani. Nilimwamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamweleza pole pole. Hakuna mradi wa mbolea, baba. Haukuwepo. Kuna watu wa ngano, na wanataka ardhi nzuri tu. Tukiwaambia ukweli, kwamba pazuri ni mahameni peke yake na kwingine kote ni moram, wataondoka. Ni hilo tu tunatakiwa kusema.

Aliuliza nataka aseme nini hasa.

Nikarudia. Kwamba ardhi ni duni.

Macho yake yakawa mekundu. Akasema alikuwa kijana walipohamishwa, alibeba mlango wa nyumba yake mgongoni kutoka kule juu. Kwamba wakati ule nao walikuja wasomi, wakasema pale pabaya, hapafai, njooni barabarani. Na sasa mtoto wa kaka yake amekuja na neno lile lile, anataka alitamke yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya wageni.

Nikasema, baba, hili ni tofauti.

Akasema kwake yeye linafanana.

Mama alikuwepo, alikuwa amekuja kumsalimia mke wake. Njiani kurudi alitangulia mbele, mlangoni akageuka. Akasema udongo ule ndio ulionisomesha. Nikamwambia, mama, lililonisomesha ni zizi. Akaingia ndani.

Jumanne, 4 Julai

Debora wa maabara Mbeya amenipimia zile sampuli zangu za mteremkoni bila kuziandikisha, Mungu ambariki. pH 4.6. Fosforasi karibu na hakuna. Chini kuna aluminiamu ya kuua mizizi. Yote yanakubaliana na mvua, na mteremko, na kila shimo la jirani. Ingekuwa mtihani ningepewa maksi zote.

Nimemwekea bosi mezani. Amesoma mpaka mwisho, bila kuinuka. Amesema kazi ni safi. Amesema pia haina namba, haina kibali, na imefanywa na mtu mwenye kaburi la baba yake ndani ya eneo.

Kisha akafikiri sana. Tarehe kumi na tano kuna mkutano wa kijiji, wageni watakuwepo, na wilaya. Atanipa nafasi niseme. Wenyeji wenyewe wakikiri hadharani kuwa shimo lilikuwa mahameni na kwingine ardhi ni duni, ataingiza kwenye taarifa, atapaka upya ramani. Neno la kijiji anaweza kulisimamia. Langu hawezi.

Ni haki, nadhani. Kwa nini basi naona kama amenipa kamba nijifunge mwenyewe? Anawajua sasa, hawataidharau ardhi yao mbele ya wageni. Aliwaona wanavyoimba wakichimba.

Ijumaa, 7 Julai

Sabasaba. Ofisi imefungwa. Nimefua, nimepiga pasi gauni la mkutano. Mtaani gari la kampeni linapita na spika, kila chama kinaahidi mbolea.

Jambo moja linanisumbua na sina wa kumwambia. Wale wa ngano wakiondoka Itendamo hawarudi kwao. Watakwenda njia ya Matai, au Nkasi, kwenye kijiji ambacho hakina binti wa kusema ni duni. Sikulifikiria hilo mwezi mzima. Nalifikiria leo na bado nataka waende huko.

Jumatano, 12 Julai

Kasimiri ametuma salamu kwa mtu wa lori. Amezunguka nyumba hadi nyumba. Vijana wanaelewa. Wazee wanasema watamsikiliza Felisiani. Felisiani hasemi kitu. Mama hajambo, amefua kitenge cha kanisani.

Jumamosi, 15 Julai

Naandika ndani ya gari. Mkutano umesimama kwa chakula. Amos, dereva wetu, amekwenda kula, mimi nimebaki.

Uwanja wa shule umejaa. Wageni wawili, wapole, mmoja anajua Kiswahili cha Dar na amewaamkia wazee wote shikamoo, wakampenda papo hapo. Afisa wa wilaya alifungua. Bosi akasema mtaalamu atakayewaeleza ni mtoto wenu. Makofi.

Nilikuwa nimeleta mabeseni mawili. Moja la mahameni, moja la mteremkoni. Nikayaweka mezani mbele ya watu wote. Nikasema huu mweusi mnaujua, ni wa nyumba zetu za zamani, ni majivu ya mama zenu. Huu mwekundu ndio nchi iliyobaki. Ni mchachu, ni mwembamba, chini yake ni moram. Bila mbolea hautoi, na mbolea hamna. Nikauliza, ninasema uongo?

Watu walitazama beseni jekundu kama vile nimevua mtu nguo.

Baba mdogo akasimama. Akasema mtoto wetu amesoma sana, tunamshukuru Mungu. Ila udongo anaoujua ni wa kwenye vikopo. Wakacheka. Akasema ardhi ya Itendamo haijamnyima mtu tangu izaliwe. Makofi, makofi! Wanawake walipiga vigelegele. Nikawaona wageni wanaandika. Bosi akanitazama, na alikuwa na huruma, bora angenicheka.

Ndipo nikaacha Kiswahili. Nikawaambia kwa Kifipa, kwa sauti ya kawaida, jinsi mama anavyosema jikoni: mkiisifu wanaichukua. Wamekuja kuichukua. Kaburi la baba yangu Rafaeli limo, makaburi yenu yamo. Ichukieni leo tu, mbele yao, kesho mtaipenda.

Kasimiri akasimama nyuma, na wengine wakasimama. Baba mdogo akafungua mdomo, akaufunga. Afisa wa wilaya akagonga meza, akasema tuzungumze lugha ya taifa, tuna wageni. Bosi, namshukuru, akasema basi twende tule kwanza, na tukirudi mwenyekiti atajibu swali moja kwa niaba ya kijiji: pale palipochimbwa ni mahame au si mahame, na ardhi nyingine ikoje?

Sasa hivi namwona. Baba mdogo Felisiani yuko peke yake kwenye benchi, sahani iko magotini, hajaigusa. Anatazama mwinuko. Nimemjua miaka yote, sijawahi kumwona anaacha kuku. Nadhani amesikia. Nadhani akisimama safari hii atasema. Namwona anasogeza midomo kama mtu anayejaribu neno.

Vijana wamemzunguka Kasimiri. Wananitazama huku.

Kuna mtu anakuja kwa njia ya kisimani. Mama. Asubuhi alisema magoti yanamuuma, hatakuja. Amevaa kile kitenge cha kanisani na kichwani amebeba — Yesu wangu, boga lile. Amelifuta limeng'aa. Anatembea taratibu, shingo imenyooka, watu wanampisha. Hakuwepo niliposema. Hajasikia neno hata moja la leo.

Nimempungia mkono. Hatazami upande huu.

Baba mdogo amemwona. Ameweka sahani chini, amesimama, na ameanza kutabasamu.

Wageni nao wameinuka kumpokea, wote wawili, na yule wa Dar amenyoosha mikono. Mama anapiga goti. Siwezi kusikia kutoka hapa, ila namjua mama yangu na naona mdomo wake unavyokwenda. Anawaambia limetoka nyumbani, na wao watasikia Itendamo nzima.

Nashuka